Tangi la Binti Mafuriko

Jumamosi, 3 Mei

Leo naanza, na naapa kwa kalamu hii: nitaandika kila kitu. Ya kujisifu na ya aibu. Nikiruka ya aibu, daftari hili litakuwa bango tu, na mabango tunayo ya kutosha nyumbani.

Jambo lenyewe: jana nimejitia kitanzini mbele ya darasa zima.

Mwalimu wa biolojia ana samaki saba. Wanaishi kwenye beseni la kufulia pale maabara, na beseni lina ufa uliozibwa kwa utepe. Jana akauliza kama kuna mzazi anayeweza kutengeneza tangi. Darasa lote likageuka kuniangalia. Msichana tunayemwita Kinanda (hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni) akasema kwa sauti ya kufika uwanjani: "Jamani, si yule! Atatuletea mafuriko!" Wakacheka. Mwalimu alikohoa ili asicheke. Nilimwona.

Nikasimama. Sikupanga. Miguu ilisimama yenyewe.

"Nitalitengeneza mimi."

"Wewe na baba yako?" Mwalimu aliuliza kwa upole.

"Mimi."

Halafu Kinanda: "Basi siku hiyo tuje na maboya!"

Sasa nieleze hayo mafuriko, nisije nikasoma haya nikiwa mzee nikayasahau. Baba ni fundi wa mabango. Miaka miwili iliyopita kliniki ya meno ilimwomba tangi la samaki la akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, kwa ajili ya chumba cha kusubiria. Alilitengeneza mwezi mzima. Lilikuwa zuri jamani, huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Siku ya kumi na moja, saa kumi jioni, kona ikaachia. Maji yote zuliani. Mgonjwa mmoja alitoka kwa daktari mdomo wazi, pamba bado iko shavuni, akapanda juu ya kiti. Baba aliitwa, akaokota samaki mmoja mmoja kwa kofia yake. Watu wakiangalia.

Tangu siku ile yeye ni Fundi Mafuriko. Mimi ni Binti Mafuriko. Hatengenezi tena kitu cha kubeba maji, hata kisahani cha sabuni. Neno "tangi" halitamkwi kwetu.

Ninachotaka ni kimoja: lile jina life.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Baba. Alikuwa anabandua gundi kavu vidoleni.

"Hapana."

"Baba, sijamaliza kusema."

"Mimi nimeshamaliza kusikia."

Mama alikuwa anatafuta kabatini kitu ambacho hakikuwamo.

Nikasema shule nimeshawaahidi. Akauliza ni nani aliyenituma. Nikajibu, "Miguu." Mama akapaliwa na mate.

Baba hakucheka. Alisema karakana niingie nitakavyo, vipande vilivyobaki nitumie, nitengeneze rula, kibao cha mlango, sanduku la kalamu. Tangi hakuna. Kisha akasema taratibu, kama anasoma maandishi yaliyo mbali: "Na lebo yangu haitakaa tena kwenye kitu chenye maji."

Lebo yake ni kibati kidogo cha shaba, upana wa ukucha, chenye herufi zake mbili. Kila kazi anaibandika kona ya chini kulia. Ile ya kliniki aliibandua yeye mwenyewe, zulia likiwa bado limelowa.

Nimelala kifudifudi naandika. Nimekasirika. Simkasirikii Baba. Nalikasirikia lile zulia!

Jumanne, 6 Mei

Nimeamua. Nitalitengeneza.

Mama nimemwambia, kwa sababu kumficha Mama ni kupoteza muda. Alikuwa kwenye cherehani. Hakuinua kichwa. Akasema baba yangu hurudi saa kumi na mbili, mimi hutoka shule saa tisa na nusu, na yeye akishaanza kushona haoni wala hasikii. Nikamuuliza, "Kwa hiyo umekubali?" Akasema, "Nimekubali nini? Mimi nashona."

Karakana yetu iko nyuma ya jiko. Chumba kimoja kirefu, dirisha moja, meza ya msumeno katikati. Harufu ya plastiki iliyokatwa: tamu kidogo, kali kidogo. Wengine inawaumiza kichwa. Mimi inanipa njaa.

Nyuma ya mlango kuna shiti mbili nene za akriliki, milimita kumi. Zilibaki kwenye bango la duka lililofungwa kabla halijafunguliwa. Nimezipima mara tatu. Zinatosha tangi la sentimita tisini kwa arobaini, kimo arobaini na tano. Lita mia moja sitini na mbili! Uzito wa watu wazima wawili na mimi juu yao.

Jumamosi, 10 Mei

Baba ameondoka asubuhi kwenda kufunga bango la duka la dawa. Nimekata vipande vyote vitano. Nilivaa miwani ya kinga, na mkono haukutetemeka. Kweli, ulitetemeka kwenye kipande cha kwanza. Niliapa kusema yote.

Kabla ya kuunganisha tangi lenyewe nimetengeneza kisanduku cha majaribio, ukubwa wa tofali. Nimefuata kila kitu alichonifundisha Baba tangu nina miaka tisa. Msasa mnene, msasa laini, msasa wa maji. Halafu kichomeo cha gesi: unapitisha moto ukingoni haraka, bila kusita, na ukingo uliokuwa na ukungu unageuka kioo. Hapo ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote. Baba anasema ukimpelekea mteja ukingo wenye ukungu ni kama umetoka nyumbani hujapiga mswaki.

Gesi imeisha nikiwa nimechoma pande tatu. Upande wa nne nimeuacha hivyo hivyo, na ukungu wake. Nikavuta gundi kwa bomba la sindano (gundi yenyewe ni nyepesi kama maji, inayeyusha plastiki na kuishikanisha) nikaiingiza kwenye maungio. Inakimbia yenyewe ndani ya ufa kama mchwa! Dirisha wazi, kitambaa puani.

Vipande nimevirudisha nyuma ya mlango na kuvifunika gunia. Nina roho juu.

Jumapili, 11 Mei

Baba Mdogo amekuja kula. Ni mdogo wake Baba lakini maneno yake ni ya watu sita. Sijui nani kampa habari za darasani, mtaa huu hauna mlango. Akaanza: shemeji, naona mawingu, je, nije na mtumbwi? Mama akamwambia ale. Akasema anakula, ila anauliza tu kama kuna mtu amewaonya majirani wa bondeni.

Baba aliinuka akanawa mikono. Sahani yake ilikuwa bado nusu.

Nikamwambia Baba Mdogo, kwa adabu, kwamba utani wake umezeeka miaka miwili na unahitaji fimbo. Mama akaangalia dari. Nitaombwa niombe radhi kesho. Nitaomba. Lakini sitajuta.

Sasa jambo kubwa! Baada ya chakula nimechungulia kisanduku. Kwenye maungio kuna vinywele. Vinywele vyeupe, vyembamba sana, vinatoka kwenye kiungo kuingia ndani ya akriliki, mamia, kama nywele za mtoto mchanga. Ukiangalia moja kwa moja huvioni. Ukiinamisha kichwa na taa ikatokea ubavuni, viko. Nimebonyeza kwa kidole gumba—tik! Kona imeachia.

Nimekaa chini kwenye vumbi. Nilidhani mkono wangu ndio mbaya.

Kisha nikaona upande wa nne. Ule usiopata moto. Hauna hata kinywele kimoja. Nimeubonyeza mpaka kidole kikauma. Umeshika!

Jumatatu, 12 Mei

Baba Mdogo nimemwomba radhi kwa simu ya Mama. Akasema radhi imekubaliwa na fimbo ataichonga mwenyewe. Si mtu mbaya. Hajui tu kunyamaza.

Nimempelekea mwalimu kile kisanduku ndani ya soksi. Nikamwambia nadhani ni moto. Akaniuliza, unadhani au unajua? Pande tatu na upande mmoja hazithibitishi kitu, pengine ule mmoja ulipata gundi kidogo, pengine ulikaa mbali na dirisha. Rudia, akasema. Badilisha kitu kimoja. Kimoja tu! Akagonga meza kwa kila neno.

Kinanda alikuwa anafuta ubao. Akauliza mbona soksi. Nikamwambia ndiyo mfuko wa kitaalamu. Akaniamini kwa dakika nzima.

Jumatano, 14 Mei

Vipande kumi na sita, maungio manane. Manne nimeyapitishia moto, Baba ameshaleta gesi mpya. Manne nimeyapiga msasa tu na kuyakwangua kwa kisu kilichonyooka. Gundi ile ile, matone yale yale, dirisha lile lile. Jana na juzi.

Matokeo: manne ya moto, yote yana vinywele. Manne ya msasa, safi.

Nimejua!

Nadhani ni hivi: moto unaushtua uso wa ukingo, unajikaza kama ngozi iliyoungua. Kwa jicho ni kioo. Gundi ikifika, ile ngozi inapasuka ndani kwa ndani. Kwenye bango haina neno, bango halibebi chochote isipokuwa jina la mtu. Lakini maji yanasukuma usiku na mchana.

Nilikuwa nafagia huku naimba. Nikaacha kufagia.

Tangi la kliniki. Nilisema nini siku ya kwanza? Huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Lakini je, kingo za ndani ya maungio alizipitishia moto pia, au zile za nje tu, zinazoonekana? Mwezi ule nilikuwa na mitihani, karakana sikuingia. Nikamuuliza Mama. Akasema, "Mimi ningejua? Alikuwa anafunga mlango, hataki hata chai." Vipande vya lile tangi alivikatakata siku ile ile, vikaondoka na gari la taka.

Kama alizichoma, basi hakuwa mzembe. Wote mtaani wanasema alibana gundi, kwamba aliharakisha. Hakubana! Alizidisha. Alipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu.

Kama hakuzichoma, sijui chochote.

Anayejua ni mmoja tu, na ndiye asiyeulizwa.

Jumamosi, 17 Mei

Amenikuta.

Nilikuwa nimeshaunganisha kitako na pande tatu. Kingo zote za msasa, hazing'ai, zina ukungu kama dirisha la bafu. Vibanio kila mahali. Sindano mkononi, kitambaa puani. Bango la duka la dawa lilikosewa herufi moja, akarudi mapema kuchukua nyingine. Mlango ukafunguka, nikamwona.

"Nilisema nini?"

"Ulisema tangi hakuna."

"Na hiki ni nini?"

Ningeweza kusema sanduku la kalamu.

"Tangi, Baba."

Alizunguka meza. Hakugusa. Aliinama mpaka macho yakawa sawa na kiungo. Gundi ilikuwa bado inatembea, na nikajua anahesabu mwendo wake, kwa sababu na mimi nilikuwa nahesabu. Kisha akapitisha ukucha juu ya ukingo.

"Ukingo mchafu huu. Nimekufundisha hivi?"

"Hapana."

"Basi nani?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari ulimini: Baba, ni moto, moto ndio uliopasua. Lakini nikaona namna alivyoshika kofia yake. Ningekuwa namwambia fundi wa miaka ishirini na mbili kazini kwamba kilichomwangusha ni kile anachojivunia kuliko vyote, na nimwambie nikiwa sina hakika. Nikaweka sindano mezani.

"Nimejaribu," nikasema. "Maungio ya hivi ndiyo yanayoshika."

Akachukua herufi yake. Mlangoni akasema bila kugeuka kwamba likitoa tone, tone moja tu, nitalikatakata kwa mkono wangu na kumwambia mwalimu mwenyewe. Nikasema sawa. Na lebo nisiote. Nikasema, "Sikuomba lebo."

Uongo! Naitaka kuliko chochote. Lakini nilisimama wima mpaka pikipiki yake ikawaka nje.

Upande wa nne nimeunganisha saa kumi. Mkono imara kama chuma. Hasira ni kibanio kizuri.

Jumapili, 18 Mei

Taa. Baba hutengeneza mabango ya taa, kwa hiyo mabaki ya ukanda wa taa yamejaa kwenye kopo la maziwa. Nimetengeneza kifuniko, nikachonga mfereji ndani yake, nikalaza ukanda, nikaufunika kwa akriliki nyeupe ya maziwa ili mwanga usichome macho. Waya nimeunga kwa risasi ya kuyeyusha, nikaziba kwa silikoni maji yasifike.

Nimewasha. Buluu! Mama amekuja kuangalia, akasema samaki wa watu wataonekana wametoka mochwari. Kweli. Nimebandua, nikaweka ukanda wa rangi ya joto pamoja na mweupe, mmoja kwa mmoja. Sasa mwanga ni wa asubuhi. Hata uso wa Mama ulionekana umelala vizuri.

Baba alipita dirishani mara mbili. Mara ya pili hakuwa na sababu ya kupita, bomba la maji liko upande wa pili.

Alhamisi, 22 Mei

Baba amesafiri alfajiri. Jengo la ghorofa nne, herufi kubwa za juu, atarudi Jumatatu. Mwalimu atakuja na gari la shule Jumatatu hiyo hiyo asubuhi. Kinanda ametangaza darasani kwamba atakuwepo na mwavuli.

Kabla hajaondoka Baba aliacha ufunguo wa karakana mezani. Huwa anaondoka nao.

Nilitaka kumuuliza pale mlangoni. Nikamwambia safari njema.

Mwoga mimi! Limeandikwa.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nimesimama. Mguu wa kushoto umekanyaga mpira wa maji, umeukunja, maji yamesimama. Daftari liko juu ya meza ya msumeno. Mkono umelowa, samahani kwa doa.

Tulianza saa nne. Tangi liko juu ya meza ya mbao niliyoipigilia mbao mbili za ziada. Mama yupo mlangoni na ndoo, na cherehani leo kaiacha. Baba Mdogo amekuja bila kualikwa, amekunja suruali mpaka magotini. Nikamuuliza mtumbwi uko wapi, akasema umekwama kwenye foleni. Lakini hakucheka. Amelishika tangi kwa macho kama mtoto wake.

Sentimita kumi. Kavu. Ishirini. Kavu. Nimepitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, haikulowa. Upande wa mbele wa tangi umetuna kidogo katikati, hesabu ilisema utatuna. Thelathini.

Tik!

Sauti moja. Ndogo. Nimekanyaga mpira hapo hapo.

Sijui imetoka wapi. Inaweza kuwa mbao za meza zinajipanga chini ya uzito. Inaweza kuwa kiungo. Nimeangaza taa ubavuni, nimeinamisha kichwa pande zote, vinywele sivioni. Baba Mdogo amesema mwanangu, yatoe maji, thelathini zinatosha, samaki wenyewe wafupi. Kwa mara ya kwanza sijamsikia akitania. Nikamwambia, Baba Mdogo, tangi la nusu litaitwa nusu mafuriko. Mama akasema tumwache mtoto afikiri.

Nimefikiri. Ni hivi. Kama tangi la kliniki lilichomwa kingo zake, basi ninajua kilicholipasua, na hili halina ugonjwa ule: hiyo tik ni mbao, na najaza hadi juu mbele ya wote. Kama halikuchomwa, basi lilipasuka kwa kitu nisichokijua, na hicho kitu pengine kiko humu sasa hivi, chini ya lita mia moja na nane.

Sitoi maji. Lakini sijazi kwa kubahatisha.

Nimechukua simu ya Mama. Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Nanakili hapa neno kwa neno, niliapa:

"Baba shikamoo. Ni mimi, si Mama. Tangi liko sentimita thelathini, kavu, limelia mara moja. Nimejaribu maungio manane: yaliyopitishiwa moto yote yana nyufa za ndani, ya msasa yote safi. Ndiyo maana kingo zangu chafu. Nadhani hukubana gundi wala hukuharakisha. Nadhani ulilipendezesha mno, basi. Nilipaswa kukuambia uso kwa uso, niliogopa. Sasa siogopi, nimekanyaga mpira na mguu unaanza kufa ganzi. Nijibu hapo hapo ulipo, hata kama uko juu ya ngazi."

Na chini yake swali.

Ameusoma ujumbe. Mama ameona alama. Simu imeonyesha kwamba anaandika. Imeacha. Inaandika tena. Imeacha. Baba Mdogo ameniomba anipokee mpira, nimekataa. Simu imeanza kuita—ni yeye, hataki kuandika, anapiga. Mama ananinyooshea. Nitaanza na lile lile swali, kabla hajasema hata halo:

Baba, kingo za ndani, zile zisizoonekana, na zenyewe ulizipitishia moto?